Jaji Parker wa Fort Smith, watu 79 kwenye kitanzi: ni yeye au ni sheria?

Mchimbakale:

Wakuu habari za humu. Naomba wanaojua historia ya Marekani na wanasheria mnisaidie, hili jambo linanisumbua wiki ya pili sasa.

Nimekuwa nasoma habari za jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho kule Marekani karne ya 19, Isaac Parker, yule waliyembandika jina la Jaji Mnyongaji. Jamaa kazaliwa Ohio 1838, akasoma sheria, 1859 akahamia St. Joseph, Missouri, hapo akapanda ngazi moja moja, mwanasheria wa mji, mwendesha mashtaka, jaji wa jimbo, halafu akaingia bungeni Washington kuanzia 1871 hadi 1875. Ubunge ulipoisha Rais Grant akataka kumpa ujaji mkuu wa Utah ila mwenyewe akaomba apelekwe Arkansas ya magharibi, na Machi 1875 Seneti ikampitisha. Alikuwa na miaka 36 tu, hakukuwa na jaji wa shirikisho mdogo kuliko yeye upande wa magharibi wa nchi wakati huo. Tarehe 4 Mei kafika Fort Smith, tarehe 10 Mei keshafungua mahakama, yaani hata mizigo sijui kama ilikuwa imefunguliwa yote.

Sasa hapo ndo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Kikao cha kwanza tu watu 18 wa kesi za mauaji, 15 wakatiwa hatiani, 8 wakapewa kifo. Mmoja akapigwa risasi akijaribu kutoroka, mwingine akapunguziwa kwa sababu ya umri mdogo, waliobaki 6 wakanyongwa siku moja, wakati mmoja, ubao mmoja, tarehe 3 Septemba 1875, mbele ya maelfu ya watu waliotoka vijiji vyote vya jirani kuja kuangalia. Aliendelea kukaa kwenye kiti kile miaka 21. Hukumu za kifo alizotoa ni 160, na walionyongwa kweli ni 79.

Kinachonisumbua ni hiki. Baba yangu mdogo alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, nimelelewa kwake. Nakumbuka usiku wa kuamkia siku ya kusoma hukumu alikuwa halali, tunamsikia anatembea sebuleni na kandambili zake mpaka alfajiri, na hizo ni kesi za kuku na mipaka ya shamba, mtu anakwenda jela miezi sita basi. Sasa huyu mwenzake alisimama mara 160 akamwambia binadamu utanyongwa mpaka ufe, alilala vipi? Alikuwa mtu katili kweli au kuna kitu sikielewi kwenye sheria yao? Naomba majibu ya kujenga.

Wakili_wa_Pwani:

Mkuu Mchimbakale, swali lako ni zito na shikamoo yangu mfikishie baba mdogo, mahakimu wa aina hiyo ndo wanaobeba nchi.

Nianze na sheria yenyewe maana watu wengi wakisikia 160 wanadhani jaji alikuwa anachagua. Hakuwa anachagua. Sheria ya shirikisho ya Marekani wakati ule ilisema mauaji ya kukusudia adhabu ni kifo, ubakaji adhabu ni kifo, nukta. Juri ikishasema ana hatia jaji hana mlango wa kupunguza, hawezi kusema huyu nampa maisha jela. Na juri ya kwao msiifananishe na wazee wa baraza wetu ambao wanatoa maoni na jaji anaweza asiyafuate, kule watu 12 wa kawaida ndo wanaoamua hatia, na lazima wakubaliane wote. Kwa hiyo kwenye hizo 160 kuna watu 12 walishasema ndiyo kabla Parker hajafungua mdomo kusoma adhabu.

Pili uelewe eneo. Mahakama yake ilikuwa Arkansas lakini kazi kubwa ilitoka ng'ambo ya mpaka, Indian Territory, ambayo leo ni Oklahoma. Huko walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw, Wachickasaw na Waseminole. Mataifa haya yalikuwa na mahakama zao na polisi wao lakini wakikatazwa kumgusa Mmarekani asiye wa kabila. Sasa fikiria mwizi wa farasi au muuaji wa Texas au Missouri akivuka tu mpaka, polisi wa kwao hawamfuati na mahakama ya Wacherokee haimwezi. Anayemweza ni jaji mmoja tu aliyekaa Fort Smith, na eneo lote ni kama maili za mraba 74,000. Na kiti chenyewe kilikuwa kimechafuka, jaji aliyemtangulia, William Story, aliondoka 1874 kwa tuhuma za rushwa. Parker kaja kusafisha na akasafisha, mahakama ilikaa siku sita kwa wiki, mara nyingi mpaka usiku.

Lakini jambo ambalo mimi kama mwanasheria linanikosesha amani siyo kitanzi, ni hili la tatu. Kuanzia 1875 mpaka 1889 aliyehukumiwa kifo na Parker hakuwa na pa kukata rufaa. Hakuna. Akikosea kanuni ya ushahidi, akiwaelekeza juri vibaya, akimkatalia wakili shahidi, imepita hiyo. Kilichobaki ni kumwandikia rais Washington kuomba msamaha, na marais kweli walibadilisha hukumu nyingi, ndo maana 160 haikuwa 160 kwenye kamba, lakini msamaha siyo rufaa, rais hakwambii jaji ulikosea wapi. Miaka 14 mtu mmoja hasahihishwi na yeyote. Hata awe malaika ataharibika kidogo.

Mama_Tulsa:

Assalam aleikum nyote. Mimi naishi Tulsa, Oklahoma, kutoka hapa mpaka Fort Smith ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, nimeshafika pale na wanangu kwa hiyo nitawaambia nilichokiona kwa macho.

Kumehifadhiwa na serikali, mtu anaingia anatembea. Lile jengo la matofali lilikuwa kambi ya wanajeshi kabla halijafanywa mahakama. Juu ndo chumba cha Parker, kimerudishwa kama kilivyokuwa, na chini yake kabisa, yaani chini ya sakafu ya mahakama, ndo jela. Ukishuka pale dari iko chini sana na sakafu ya mawe na ni vyumba viwili tu vikubwa vimetenganishwa na ukuta. Hakukuwa na vyumba vya mtu mmoja mmoja, muuaji na kijana aliyekamatwa na chupa ya wiski na mtu ambaye hata kesi yake haijasikilizwa wote wanalala pamoja, choo ni ndoo, dirisha ni dogo. Na kiangazi cha huku jamani nyie hamkijui, joto la Julai linakukaba koo. Harufu ilikuwa inapanda mpaka kule juu kwenye mahakama. Mimi nilisimama pale nikawa nafikiria jaji amekaa anasikiliza kesi huku harufu ya watu anaowahukumu inampanda miguuni, na bado miaka inakwenda, 1875, 76, 80, 85.

Binti wa seneta mmoja, Anna Dawes, alipita akaona na akaandika kwa uchungu kwamba ni jehanamu halisi hapa duniani, na jela ile ikaja kujulikana kama Jehanamu ya Mpakani mpaka leo. Jela mpya ikafunguliwa 1888.

Nje ndo kuna jukwaa la kunyongea, limejengwa upya mahali palepale, refu, limepakwa rangi nyeupe, lina paa. Siku tuliyokwenda hakukuwa na kamba. Mwanangu wa miaka tisa aliuliza mama mbona pana hivi, nikashindwa kumjibu pale pale, nikamwambia twende tukaone mto. Ni pana kwa sababu lilijengwa kwa watu wengi kwa mpigo. Wale 6 wa Septemba 1875 walikuwa weupe, Wacherokee na mweusi, wote ubao mmoja.

Kaka yangu unauliza alilala vipi. Mimi nilitoka pale nimechoka kama nimetoka msibani.

Mzee_wa_Reli:

Wanangu nawasoma kwa makini na wote mmesema vizuri ila naona waliouawa hamjawataja. Ruhusuni mzee niseme.

Watu 79 wamenyongwa, sawa, inauma. Lakini kila mmoja nyuma yake kuna maiti, mkulima kapigwa risasi njiani kwa ajili ya farasi, mwanamke kaingiliwa ndani kwake, na mwenye kufa hana wakili wala hana mwandishi wa habari wa kuja kumwuliza anajisikiaje. Parker mwenyewe alikuwa analisema hili mpaka mwisho, kwamba watu wanamlilia mshtakiwa wanamsahau aliyekufa. Na mimi namwelewa.

Pili mahakama ile haikuwa ya vifo tu. Kesi zilizopita mikononi kwake ni 13,490. Nyingi ni za kupitisha pombe kwenye ardhi ya wenyeji ambako ilikatazwa, wizi, kupigana. 160 kati ya hizo ni ndogo ukipiga hesabu.

Na nani alikuwa anakwenda kuwakamata? Mashali wa shirikisho na manaibu wao, wanavuka mto na gari la farasi la kubebea wafungwa, wiki kadhaa porini, malipo ni senti kwa maili na dola mbili kwa mtu unayemkamata, ukimuua unayemkamata hulipwi kitu. Zaidi ya manaibu 60 walikufa kazini zama za Parker. Mmojawapo wa wale manaibu ni Bass Reeves, huyu ningependa vijana wetu wamjue. Kazaliwa mtumwa huko huko Arkansas 1838, mwaka uleule aliozaliwa jaji. Hakujua kusoma. Alikuwa anasomewa hati za kukamata anazikariri zote kichwani, karatasi ipi ya nani, kisha anapanda farasi. Alianza 1875 na alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30. Mtu mweusi aliyetoka utumwani, miaka kumi tu baada ya vita ya kuumaliza utumwa, ana nyota kifuani na anamkamata mzungu kwa jina la serikali. Nani alimpa nafasi hiyo? Mahakama ya Parker.

Na sikilizeni hii. Bass Reeves mwenyewe alishtakiwa mauaji, mpishi wake alikufa kwa risasi kambini, yeye akasema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. 1887 akasimama kizimbani mbele ya Parker huyohuyo ambaye mnamwita mnyongaji. Juri ikamwachia huru. Kwa hiyo mlango wa kutokea ulikuwepo kwa mwenye haki yake.

Wakili_wa_Pwani:

Shikamoo mzee. Kwa Bass Reeves nakuunga mkono kwa mikono miwili na kwa waliouawa pia, hakuna mwanasheria mwenye akili anayewadharau. Ila naomba nikuonyeshe ni nini kilitokea rufaa ziliporuhusiwa, maana hapo ndo tunapata jibu la Mchimbakale.

Februari 1889 Bunge likapitisha sheria kwamba mwenye hukumu ya kifo anaweza kwenda Mahakama ya Juu. Kuanzia hapo mafaili ya Fort Smith yakaanza kufika Washington na majaji wakaanza kusoma kwa mara ya kwanza jinsi Parker alivyokuwa anaongea na juri. Na wakatengua kesi yake moja baada ya nyingine, nyingi kuliko walizoziacha zisimame. Sababu haikuwa kwamba washtakiwa walikuwa wasafi, sababu ilikuwa maelekezo yake kwa juri. Alikuwa anaongea muda mrefu sana na kwa hisia kali, anatoka kwenye kueleza sheria anaingia kwenye kuhubiri.

Nitoe mfano mmoja ambao wote mtauelewa. Mithali 28:1, waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu bali wenye haki ni wajasiri kama simba. Tumefundishwa tangu Sunday school. Fikra ya aina hiyo ndo aliyowapa juri zake, kwamba mtu aliyekimbia baada ya tukio basi kukimbia kwake kunamsema. 1896 kwenye kesi ya Alberty Mahakama ya Juu ikautaja mstari huo huo na kusema hiyo siyo kanuni ya sheria ya jinai, mtu asiye na kosa naye anakimbia, anaogopa kushikwa yeye, au hataki tu kuitwa shahidi. Alberty alikuwa mtu mweusi raia wa taifa la Cherokee. Sasa mniambie nyie, mtu mweusi zama zile kule Indian Territory, kumetokea maiti, asimame kama simba amsubiri nani?

Kesi nyingine ni ya Alexander Allen. Kijana mweusi, mtoto kabisa wa miaka 14 au 15, aliyemuua kijana wa kizungu wakigombana shambani 1892. Parker akamhukumu kifo, Washington wakatengua. Kesi ikaanza upya, kifo tena, wakatengua tena. Mara ya tatu tena kifo, na safari hii Mahakama ya Juu ikaiacha isimame, Desemba 1896. Hiyo ya tatu imebaki kwenye vitabu vya sheria mpaka leo kwa sababu ya kitu kimoja: juri ikikwama, Parker aliwaambia walio wachache wajiulize kama shaka yao ina msingi wakati wenzao wengi wenye akili na waaminifu kama wao wameona vingine. Mpaka leo mawakili wa Marekani maelekezo ya namna hiyo wanayaita kwa jina la huyo mtoto, Allen. Kuna majimbo yameyakataa kwa sababu yanamsukuma yule mmoja anayesita, na mara nyingi anayesita ndo kinga pekee iliyobaki kwa mshtakiwa.

Kwa hiyo mkuu, mimi jibu langu ni hili. Kwenye adhabu alifungwa na sheria, hapo simlaumu. Lakini juri inafika kwenye hatia kwa kupitia mdomo wa jaji, na mdomo ule ulizoea miaka 14 kutosahihishwa. Waliposema umekosea hakukubali, aligombana nao hadharani, mpaka akaandikiana barua za kushambuliana magazetini na mwanasheria wa serikali huko Washington. Jaji akishaanza kuona rufaa ni tusi kwake basi ameshapotea njia, na hili nalisema nikijua alikuwa mwaminifu, hakula senti ya mtu.

Mchimbakale:

Asanteni sana wakuu, hasa Wakili na wewe mzee. Nimempigia baba mdogo jioni hii nikamsomea ya kwenu yote kwenye simu, kakaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kumbe analia. Akasema alipokuwa kazini kila faili lililorudi kutoka mahakama ya wilaya limetenguliwa alikuwa analisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kujifunza, na kwamba huyo mzungu hakuwa na hiyo mara ya pili mpaka amezeeka.

Swali la mwisho naomba, alifikia wapi mwishoni? Alijuta?

Mama_Tulsa:

Kaka mpe pole baba na heshima zangu.

Mwisho wake ulikuwa wa haraka. Mwaka 1895 mfungwa mmoja maarufu, Cherokee Bill, aliyekuwa anasubiri rufaa yake ya hukumu ya kifo, aliingiziwa bastola kwa siri jela akamuua mlinzi anayeitwa Keating. Parker aliumia mno, akasema wazi kwamba ucheleweshaji wa Mahakama ya Juu ndo umemuua yule mlinzi. Cherokee Bill akanyongwa Machi 1896. Halafu Septemba 1, 1896, kwa sheria ya Bunge, mahakama ya Fort Smith ikaondolewa mamlaka yote juu ya Indian Territory, ile kazi ya miaka 21 ikafungwa siku moja, na siku hiyo jaji hakuwepo mahakamani, alikuwa kitandani anaumwa figo.

Kwenye siku zile mwandishi wa gazeti la St. Louis, mwanamke, Ada Patterson, alikwenda kumhoji akitegemea kukuta mtu wa kutisha, akamkuta mzee mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole. Alimwambia kwamba yeye hajamnyonga mtu, ni sheria iliyonyonga. Na akasema yeye mwenyewe angependa adhabu ya kifo ifutwe, ilimradi mhalifu awe na uhakika wa kuadhibiwa. Watu wengi hawaijui hiyo. Kama ni kujuta sijui, mimi naona alikuwa anaamini alichokuwa anasema.

Alikufa tarehe 17 Novemba 1896, miaka 58. Wafungwa wengine jela walishangilia. Na kwenye mazishi kiongozi wa Wacreek, Pleasant Porter, aliweka taji la maua ya porini juu ya kaburi. Yote mawili yalitokea wiki ile ile.

Wakili_wa_Pwani:

Ongezea dada yangu: Januari 15, 1897, miezi miwili baada ya mazishi, Bunge likapitisha sheria kwamba juri ya shirikisho ikimkuta mtu na hatia ya mauaji inaweza kuandika kwenye uamuzi wake "bila adhabu ya kifo" na hapo jaji anatoa maisha jela. Kenya ile lazima ya kifo kwa mauaji imekuja kuondolewa na Mahakama ya Juu 2017, sisi Tanzania bado tuko nayo. Baba mdogo ataelewa kwa nini naitaja.

Mzee_wa_Reli:

Hiyo ya maua ya porini nilikuwa siijui. Mama Tulsa kaburi lake liko wapi, bado lipo?

Mama_Tulsa:

Lipo mzee, amezikwa pale pale Fort Smith kwenye makaburi ya taifa, kati ya wanajeshi. Sikuliona siku ile sababu watoto walikuwa wameshachoka. Nikipata Jumamosi nitakwenda peke yangu, nitawawekea picha hapa.